Nyumba ya Hazina

Tulikwenda Bweranyange na darasa la Kipaimara Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kiangazi kimekolea na barabara ni vumbi tupu. Tulikuwa vijana 23, mwinjilisti wetu, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake aliyesimamia sufuria la wali na maharage, na mchungaji. Kilichotupeleka huko ni swali. Wiki mbili kabla, tukiwa katika amri ya kwanza ya Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, binti mmoja alinyoosha mkono akauliza kama vitu vya wazee vinavyotunzwa majumbani, yaani mikuki, ngoma, vibuyu na vyuma, ndivyo hiyo miungu mingine tunayokatazwa. Mwinjilisti alijibu upesi kwamba ndivyo. Mchungaji alinyamaza. Vijana wana macho. Waliona kwamba mmoja amejibu na mwingine amenyamaza, wakataka kujua kwa nini. Tukasema twende tukaone mahali ambapo vitu vya namna hiyo vilikuwa na nyumba yao wenyewe.

Nyumba tuliyoifuata haipo tena. Ilikuwa ya nyasi, na nyasi hazidumu. Lakini Bweranyange palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, Abakama wa ukoo wa Abahinda, na mzee mmoja wa pale alitupokea baada ya shikamoo nyingi, akatutembeza kwa miguu huku akionyesha kwa fimbo: huku ndiko watu walikopita, kule ndiko ng'ombe walikoshuka kunywa maji. Vijana walitazama migomba, wakatazama mbuzi, wakatazamana. Mmoja alinong'ona kwamba hapa hakuna kitu. Tulimsikia, tukakaa chini ya mti tukaanza kuwasimulia.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika hapa akapokewa na mfalme Rumanyika, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima sana. Mfalme alimfungulia nyumba yake ya hazina. Ilikuwa nyumba ya mviringo, imeezekwa vizuri, na Stanley, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo mambo ya watu weusi, alihesabu na kusifu. Anataja bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, wanyama 10 aliodhani ni pofu, wale swala wakubwa, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Anataja mikuki ya kila namna, mingine yenye mipini ya chuma iliyosokotwa kama mnyororo, na visu vipana vilivyong'arishwa. Anataja nguo za nyasi laini, vigoda, vikombe na vyombo vya maziwa vya mti. Na katikati ya hayo yote, mahali pa heshima, palikuwa na bunduki aliyoachiwa mfalme na mgeni mwingine, John Hanning Speke, miaka kumi na minne nyuma.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa makumbusho kabla neno makumbusho halijafika Karagwe. Hapakuwa na kitu cha kuuzwa wala cha kupikia. Vitu viliwekwa pamoja ili anayeingia ajue yuko kwa nani. Hata bunduki ya mgeni ilipata nafasi humo, kama sisi tunavyoning'iniza ukutani picha ya askofu mgeni aliyewahi kulala kwetu.

Chini ya nyumba hiyo kuna nyumba nyingine. Wazee wa Karagwe, na Profesa Israel Katoke aliyeandika historia ya ufalme huu katika kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1975, wanasimulia kwamba kabla ya Ruhinda, yule mwanzilishi wa Abahinda, nchi ilikuwa mikononi mwa Nono wa ukoo wa Abasita. Ruhinda alikuja, Nono akaondoka. Maana yake hata Abahinda walikuwa wageni walioingia katika nyumba ya watu. Tulipofika hapo mzee aliguna. Hatukujua yeye ni wa ukoo upi na hatukumwuliza. Adabu ya Karagwe haimruhusu mgeni kuuliza jambo hilo mbele ya watoto.

Tena kuna chuma. Masimulizi humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa alikuwa mhunzi mwenyewe, mfalme mwenye nyundo mkononi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Bweranyange miaka ya karibuni walikuta mabaki ya kazi ya chuma, na mavi ya chuma, yaani yale mabonge meusi yanayobaki baada ya kuyeyusha mawe, ni kitu ambacho jembe la mkulima wa Karagwe linakifahamu vizuri. Watu wa hapa walijua kuujenga tanuri, kuvuta mivukuto, kulitoa bonge jekundu na kulifua mpaka liwe mkuki, au jembe, au ng'ombe mwenye pembe ndefu zilizopinda kama za ng'ombe tunaowaona malishoni hadi leo.

Sasa msomaji na asikilize Speke aliandika nini. Yeye alifika tarehe 25 Novemba 1861 pamoja na mwenzake James Augustus Grant. Waliupenda sana mlima huu na ziwa lililo chini yake. Walilipa ziwa hilo jina la Windermere, kwa sababu liliwakumbusha ziwa la kwao Uingereza. Speke aliviona vile ving'ombe vya chuma katika nyumba ya mfalme, naye katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 akaandika kwamba ni vitu vya kumchezesha mfalme, vilivyotengenezwa na Waarabu wa Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu kilichokuwa karibu. Alikaa hapa wiki sita na zaidi. Alikuwa na mkalimani hodari, Sidi Mubarak Bombay, ambaye alisemezana naye kwa Kihindustani na kuwageukia wengine kwa Kiswahili. Njia ya kuuliza ilikuwepo. Angeweza kusema tu: ni nani aliyekifua hiki? Lakini mtu haulizi swali ambalo anadhani ana jibu lake tayari.

Hapo vijana walicheka kidogo, maana walidhani hadithi inamhusu Mzungu. Tukawaambia wangoje.

Kuna siku nyingine katika kitabu kile ambayo sisi watu wa Biblia hatuwezi kuipita. Speke alitaka kumweleza Rumanyika asili ya watu wake. Alichukua Biblia, akaanza na Adamu, akashuka mpaka Waethiopia, akifafanua kwa nini watawala wa nchi hii wana sura ile waliyo nayo, na kwamba hao si wa damu moja na wakulima wanaowatawala. Alimwunganisha mfalme na Uhabeshi, na hata na mfalme Daudi. Ni dhahiri kwamba Rumanyika alifurahi. Nani asingefurahi kuambiwa kwamba yeye ni wa mbari ya Daudi?

Tumekuwa tukifundishwa katika vyuo vya theolojia tarehe za kuingia kwa Injili katika eneo letu: misheni ya Betheli iliyofika Bukoba mwaka 1910, waumini wa kwanza wa Buhaya waliopata neno kutoka Buganda hata kabla ya wamisionari, kisha uamsho uliovuka kutoka Rwanda miaka ya 1930. Mitihani tuliifanya, tukapasi. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba karibu miaka hamsini kabla ya Betheli, Biblia ilikwisha kufunguliwa hapa Bweranyange, mbele ya mfalme, na haikufunguliwa ili mtu apate kusikia habari njema. Ilifunguliwa ili kuwapanga watu: hawa wametoka huku, wale wametoka kule, hawa wakubwa, wale wadogo.

Hatusemi Speke aliua mtu. Rumanyika mwenyewe alimwita rafiki. Lakini maelezo yale hayakubaki Karagwe. Yalichapwa, yakasomwa, yakawafikia watawala wa Kijerumani na baadaye wa Kibelgiji ng'ambo ya Kagera, na huko Rwanda miaka ya 1930 yakaandikwa katika vitambulisho vya watu. Sisi tuliozaliwa karibu na mpaka tunajua mwisho wake. Mwezi wa nne mwaka 1994 watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa siku moja tu na usiku wake, na wengine wakaja kwetu Karagwe. Tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tunakumbuka madarasa yaliyofungwa ili watu walale humo, na harufu ya moshi wa kuni mbichi. Tunamkumbuka mama mmoja aliyekaa mbele ya kanisa siku mbili bila kusema neno, mpaka kwaya ilipoanza mazoezi ya wimbo wa Tukutendereza; akainuka akaondoka, hatukumwona tena. Wimbo ule ulikuwa wa kwao. Kilichomwondoa hatukukijua. Watu wazima walisema labda aliwahi kuusikia ukiimbwa na watu ambao baadaye walifanya mambo.

Pale chini ya mti hatukusimulia habari za mama yule. Vijana wa leo walizaliwa muda mrefu baadaye, na safari ilikuwa ya siku moja. Tunaiandika hapa.

Mtu asije akadhani tunaililia nyumba ya nyasi kana kwamba ilikuwa Edeni. Ni kitabu kile kile cha Speke kinachotuzuia. Katika nyumba za wakubwa wa Karagwe wanawake walinenepeshwa kwa maziwa, maana unene ulikuwa ndio uzuri na ndio ukubwa wa mume. Speke alimpima mmoja wa mashemeji wa Rumanyika kwa kamba: mkono wa juu futi 1 na inchi 11 kuzunguka, paja futi 2 na inchi 7, kimo futi 5 na inchi 8. Ameandika tarakimu zote, jina la mama yule hakuliandika. Na kando yake alikuwepo binti yake wa miaka 16, amekalia chungu cha maziwa, akinywa bila hamu, baba yake akiwa na fimbo mkononi ili asiache.

Tulipoisimulia hiyo wasichana wetu hawakucheka. Binti yule aliyeuliza swali la amri ya kwanza alikuwa na miaka 15. Hapa hapa Bweranyange leo kuna shule ya sekondari ya wasichana, na watoto wa umri ule ule wanakaa juu ya madawati wakisumbuliwa na hesabu za pembetatu badala ya chungu cha maziwa. Tunamshukuru Mungu kwa hilo wala hatuoni haya kusema kanisa limefanya jema. Mwenye kuvikumbuka ving'ombe vya chuma na aikumbuke fimbo pia. Vyote vilikuwa katika boma moja. Zilikuwapo pia pembe za ndovu zilizopita Kafuro kwenda Tabora na pwani, na watu waliozibeba mabegani.

Baadaye, tukiwa tunakula, mwinjilisti aliutoa msimamo wake vizuri zaidi kuliko siku ile darasani. Ni mtu wa uamsho, ana miaka zaidi ya sitini, na amemfuata Bwana kwa uaminifu kuliko wengi wetu. Alisema: "Mchungaji, hebu tusome Wafalme wa Pili sura ya 18. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa mwenyewe, tena kwa amri ya Mungu. Watu walipoanza kumfukizia uvumba, Hezekia alimvunja vipande vipande. Kama kitu cha Musa kilivunjwa, cha Ndagara ni nani wa kukitetea?"

Ni hoja yenye nguvu na hatukuidharau. Kitu kinaweza kuanza kama dawa kikaishia kuwa mungu. Tumeona misalaba ya shingoni ikitumiwa kama hirizi, tumeona maji ya chupa yanayouzwa kwa jina la Yesu. Lakini tulimwomba mwinjilisti asiifunge Biblia hapo, afunue sura mbili mbele. Hezekia yuyo huyo, aliyevunja nyoka wa shaba, anaugua, anapona, na wageni wanakuja kutoka Babeli na barua na zawadi. Hezekia anafurahi. Anawafungulia nyumba ya hazina, anawaonyesha fedha, dhahabu, manukato, silaha, hakibaki kitu ambacho hakuwaonyesha. Wageni wakiisha kuondoka anakuja Isaya na maswali mafupi: watu wale wamesema nini, wametoka wapi, wameona nini nyumbani mwako? Kisha anamwambia siku zinakuja ambapo vyote vilivyomo vitachukuliwa.

Mwinjilisti alikaa kimya, na mzee wa Bweranyange, ambaye tulidhani hasikilizi, aliacha kutafuna. "Vikachukuliwa?" aliuliza.

"Vikachukuliwa, mzee."

"Na hapa hali kadhalika," akasema.

Rumanyika alikufa miaka michache tu baada ya Stanley kuondoka. Ikaja sotoka ya miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe wa kweli, wale wa nyama na damu ambao ving'ombe vya chuma vilikuwa mfano wao. Wakaja Wajerumani, ambao boma lao la Bukoba lilianza mwaka 1890. Wakaja Waingereza. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, sheria ikaufuta utemi nchi nzima. Kila mgeni na kila zama ilichukua kitu, na vyuma vya Karagwe vingine vimesimama leo ndani ya kabati za vioo Ujerumani, vikiwa na kikaratasi chenye neno Karagwe bila jina la mhunzi. Anayetaka kuwalaumu walioyafanya hayo anaruhusiwa. Sisi tulikuwa na sababu ya kutoanza na wao, na ndiyo sababu ya ule ukimya wa mchungaji darasani.

Ilikuwa mwaka 2011. Mchungaji alikuwa hana miaka mingi tangu abarikiwe, ametoka chuoni na moto wake. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, miguu imevimba, usingizi hapati. Alikuwa Mkristo tangu utoto, mjane, mwimbaji wa alto mpaka sauti ilipomwisha. Tulikwenda kumwombea: mchungaji, mwinjilisti mwingine wa wakati ule na akina mama wawili wa kikundi cha maombi. Mmoja wao alisema anahisi kuna kitu ndani ya nyumba kinachozuia uponyaji. Tukatafuta. Tulikikuta juu ya dari la chumba chake, kimefungwa katika kipande cha lubugo, kile kitambaa cha magome, kilichokuwa kimeanza kuoza. Ndani yake mlikuwa na chuma kizito, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani, chenye kichwa kimoja kinene na kingine chembamba, kimelainika katikati kwa kushikwa.

Tulimwuliza shangazi ni nini. Hili tunalisema ili isionekane kwamba hatukuuliza kabisa. Lakini tuliuliza kama polisi anavyomwuliza aliyekwisha kufungwa pingu. Alisema, "Ni cha baba." Basi, hilo lilitutosha. Tukaimba, tukaomba kwa sauti kubwa, tukakibeba nje, tukakitupa katika choo cha shimo. Tunaandika "tuka" kwa sababu tulikuwa wanne na wote tulisema Amina. Mkono uliobeba ulikuwa mmoja, nao ndio unaoshika kalamu hii.

Shangazi hakulia wala hakubisha. Alituambia asanteni, akamwagiza mjukuu atuletee chai. Miguu yake haikupona siku ile. Ilipungua uvimbe baadaye, alipopelekwa hospitali akapewa dawa za moyo.

Miaka sita ilipita kabla hajasema neno. Tulikuwa tumekaa naye jioni, sisi watoto wa ndugu yake, tukizungumzia habari za baba yetu aliyekuwa amefariki, na mmoja wetu akashangaa jinsi mtoto wa mkulima asiye na kahawa ya kutosha alivyoweza kusoma mpaka akawa mwalimu. Shangazi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya chumvi: "Si ile nyundo mliyoitupa? Babu yenu alifua majembe nayo, mama akayapeleka gulioni. Ada yote ya baba yenu ilitoka pale." Kisha akaeleza zaidi. Babu alikuwa wa watu wa chuma, omuheesi, na nyundo aliipokea kwa baba yake. Alipobatizwa aliyaacha matambiko ya tanuri yote, akayaungama mbele ya kanisa. Nyundo hakuiacha kwa sababu ilikuwa ni kazi. Alipozeeka majembe ya dukani yakaenea, hakuna aliyetaka ya kwake. Akaifunga, akampa binti yake mkubwa aitunze kwa kuwa kijana wake alikuwa ameshika chaki.

"Kwa nini hukutuambia, shangazi?"

"Mlikuja na majibu yenu, mwanangu. Nami nilikuwa mgonjwa. Tena wewe ni mchungaji wangu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayoyabeba. Hakuyasema kwa hasira. Alikuwa na heshima ya watu wa uamsho kwa mtumishi, hata mtumishi huyo akiwa mtoto aliyembeba mgongoni. Tulimwomba msamaha, akatupatia, tukasali pamoja. Alilala katika Bwana mwaka 2019, na mchungaji ndiye aliyemzika. Katika wasifu uliosomwa siku ile hakuna aliyetaja nyundo.

Ndiyo maana, chini ya mti pale Bweranyange, hatukuweza kumcheka Speke. Yeye alikaa wiki sita katika nyumba ya mwenyewe akatoka na jibu lisilo sahihi kuhusu aliyefua vyuma. Sisi tulizaliwa humo ndani. Tulikuwa na lugha, tulikuwa na undugu, tulikuwa na Roho Mtakatifu tuliyemwita kwa sauti kubwa, na tulichukua dakika arobaini.

Mwinjilisti bado hakubali. Njiani kurudi alisema kuna nyumba alizoingia ambamo vitu vilivyofungwa kwenye kitambaa havikuwa nyundo, na kwamba ameona watu wakifunguliwa. Hatukubishana naye, maana ni kweli, nasi tumeziona. Amri ya kwanza haijafutwa na Katoke wala na wachimbaji wa mambo ya kale. Tulichokubaliana, naye akakubali kwa shingo upande, ni kwamba katika usharika wetu hakuna kitu kitakachotolewa nyumbani mwa mtu kabla mwenye nyumba hajakaa akasimulia mpaka mwisho, hata kama ni siku mbili, na chai ikanywewa kwanza. Wazee wa kanisa wameliandika katika kumbukumbu za kikao. Mmoja aliuliza kama hilo ni jambo la kiroho au la utaratibu, na hatukupata jibu moja.

Kabla ya kuondoka Bweranyange, kijana mmoja aliokota bonge jeusi la mavi ya chuma kando ya shamba, zito kuliko lilivyoonekana, lenye vishimo kama mkate. Alimwuliza mzee kama anaweza kwenda nalo. Mzee alilipima mkononi akalirudisha pale pale chini lilipokuwa, akasema, "Mkija tena mtalikuta."

Binti wa lile swali alikuwa bado ana jambo. Alikuwa amesikiliza habari za shangazi kuliko zote, tukaogopa atauliza kama mchungaji alitenda dhambi, na tulikuwa tumejiandaa kumjibu kwamba ndiyo. Aliuliza kitu kingine. Aliuliza kile choo kilikuwa na kina gani.

Tulimwambia ni futi thelathini, na kwamba kilijaa zamani kikafukiwa, na juu yake sasa kuna mgomba.